Nimelipia ligi za besiboli za "baridi": mechi tamu, huduma ya hovyo

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo muda, sasa acha nilitoe maana najua kuna mtu ataingia mkenge kama nilivyoingia mimi. Nimelipia kifurushi cha kuangalia ligi za besiboli za majira ya baridi mtandaoni, msimu wa 2024-25, kuanzia Novemba hadi Februari, na kama huna muda wa kusoma yote basi beba hili uondoke nalo: mechi zenyewe ni tamu kuliko nilivyotegemea, huduma ni mbovu kuliko nilivyotegemea, na ningejua mapema ningelipia kuanzia mwisho wa Desemba tu, kabla ya hapo ningesikiliza redio.

Tuanze mwanzo. Tarehe 30 Oktoba 2024 Dodgers wanammaliza Yankees mechi ya tano, World Series, ile fainali ya ligi kuu ya Marekani (MLB), imeisha, na mimi nimebaki naikodolea skrini kama abiria aliyeachwa na basi. Kwa mpenzi wa besiboli kipindi kinachofuata ni kirefu jamani, hadi Machi hakuna mechi ya MLB ya kuhesabiwa, kuna uvumi wa usajili tu, nani anakwenda wapi kwa dola ngapi, na mwaka ule uvumi wote ulikuwa wa mtu mmoja, Juan Soto, mpaka Desemba alipokubaliana na timu ya Mets, dola milioni 765 kwa miaka 15. Sasa hela ya mwenzako unaweza kuihesabu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu unataka kuona mtu anarusha mpira na mwingine anaupiga. Ndiyo nikakumbuka kwamba kule Karibi watu ndo kwanza wanaingia uwanjani.

Nikatafuta nikapata huduma moja (jina silitaji, sitaki kesi na mtu) inauza kifurushi cha msimu, karibu dola hamsini inakatwa mara moja, ndani yake ligi ya Jamhuri ya Dominika ambayo wenyewe wanaiita LIDOM, ligi ya Venezuela, ligi ya Pasifiki ya Meksiko, na mwisho kabisa Serie del Caribe ambapo mabingwa wanakutana. Puerto Rico haimo, hilo liliniuma kidogo, maana ile ligi saivi inabeba jina la Roberto Clemente na ndiyo ligi ambayo msimu wa 1954-55 timu ya Santurce ilikuwa na magwiji wawili, Clemente na Willie Mays, uwanjani kwa pamoja, hebu fikiria wewe ni pitcha (mrusha mpira) umekuja kutafuta hela ya kula wakati wa mapumziko halafu unakutana na hao wawili. Lakini basi, nikalipa Ijumaa tarehe 1 Novemba.

Halafu hili jina la "baridi" lisikuchanganye, baridi ni ya New York na Chicago huko, Santo Domingo Desemba mashabiki wako na vesti.

Kwa wageni nieleze kidogo LIDOM maana ndiyo nilikoishia kuwekeza usingizi wangu. Timu ni sita tu. Licey na Escogido za Santo Domingo, Águilas Cibaeñas ya Santiago, Estrellas Orientales ya San Pedro de Macorís, Toros del Este ya La Romana na Gigantes del Cibao ya San Francisco de Macorís. Kila timu inacheza mechi 50, inaanza katikati ya Oktoba inamaliza kabla mwaka haujaisha, nne zinapita, hizo nne zinazungukana mechi 18 kila moja, wao wanaita raundi robini, kisha mbili za juu zinacheza fainali ya mechi saba, wa kwanza kushinda nne kabeba. Licey ni wa bluu, wameanza mwaka 1907 na mpaka msimu unaanza walikuwa na mataji 24. Escogido ni wekundu. Watani wa jadi hao, na uchekeshaji wa mambo ni kwamba wanatumia uwanja mmoja, ule wa Quisqueya Juan Marichal, kwahiyo wakicheza wao kwa wao hakuna mgeni, nusu ya jukwaa bluu nusu nyekundu na kelele kama siku ya harusi mbili ukumbi mmoja.

Sasa kosa langu la kwanza, na hili si la huduma, ni langu mwenyewe. Nililipia nikitegemea mastaa. Nilidhani nitafungua Novemba nikute Wadominika wote wakubwa wa MLB wamerudi nyumbani wanapiga homrani, ile mipira inayotoka nje ya uwanja. Hamna. Timu za MLB zina haki ya kumzuia mchezaji wake aliyetumika sana msimu ule, kuna kipengele kabisa cha uchovu uliopitiliza katika makubaliano yao na hizi ligi, na hata asipozuiwa, mtu amecheza mechi mia na hamsini na kitu, ana mkataba wa mamilioni, akivunjika kidole kwenye mechi ya Jumanne kule La Romana nani analipa? Kwahiyo wengi wanaokuja wanakuja Desemba, wanacheza wiki chache, wengine hawaji kabisa. Novemba unakutana na vijana wa ligi ndogo ambao hujawahi kuwasikia, wakongwe waliotemwa na timu zao ambao bado hawajakubali, na Wamarekani wawili watatu waliokuja kutafuta kazi ya mwaka unaofuata.

Wiki ya kwanza nilikasirika. Wiki ya pili nikaanza kuelewa. Yaani ukiangalia mechi za ligi ndogo za Marekani, matokeo hayana maana kwa mtu yeyote, kocha kaambiwa kijana fulani arushe mipira idadi fulani na atarusha hata kama anapigwa kama ngoma. Huku sivyo kabisa. Huku pitcha akitoa besi za bure mbili (karusha vibaya, mpigaji anatembea hadi besi bila kupiga) inningi ya tatu, yaani zamu ya tatu kati ya tisa, kocha ameshatoka nje, anampokonya mpira mkononi, anaita mwingine. Nimeona inningi moja mapitcha wanne wakitumika, ya sita hiyo, mechi ya Novemba, na shabiki mmoja nyuma ya benchi amesimama anamhesabia kocha kwa vidole kila anayetoka. Kocha akifungwa mfululizo kibarua kinaota nyasi katikati ya msimu na hakuna anayeshangaa. Mechi 50 ni chache, kila moja ina uzito, na ndiyo maana huyo kijana usiyemjua anajirusha kifudifudi kufuata mpira ambao MLB wangeuacha upite. Ukishalielewa hilo, kukosekana kwa mastaa kunaacha kukuuma.

Haya tuje kwenye huduma sasa maana ndiyo nilikuja kuisema.

Siku mbili za kwanza, Ijumaa na Jumamosi, safi kabisa. Jumapili tarehe 3 Novemba Marekani wakarudisha saa zao nyuma kama wanavyofanya kila mwaka. Jamhuri ya Dominika hawana huo utaratibu, saa yao ni ileile mwaka mzima. Kwahiyo kabla ya hapo Santo Domingo na New York walikuwa na saa ileile, baada ya hapo Santo Domingo ipo mbele kwa saa nzima. Hii ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Ila ratiba ya ndani ya programu ikaendelea kusoma kana kwamba miji yote miwili iko sawa, matokeo yake mechi inayoanza saa moja na robo jioni kule, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ni saa nane na robo usiku, programu inaniambia tisa na robo. Mimi natega alamu, naamka na macho mekundu, nafungua, nakuta inningi ya tatu inaisha na Águilas wameshapigwa pointi nne. Mara ya kwanza nikadhani wamewahisha mechi. Mara ya pili nikadhani mvua jana imebadilisha ratiba. Mara ya tatu ndo nikakaa na kalamu na karatasi. Wiki nzima, wakuu, wiki nzima nimekosa inningi mbili tatu za kwanza kwa sababu mtu fulani ofisini kwake hajui kwamba dunia nzima haifuati saa ya New York. Na hawakurekebisha hadi mwisho, mimi ndiye niliyejizoesha kutoa saa moja kichwani.

Kuhusu usiku wenyewe, ujiandae. Hizi si mechi za kuangalia ukiwa na kazi asubuhi, inaanza saa nane inaisha saa kumi na moja alfajiri, na ya Meksiko ndo usiseme kabisa maana Mexicali na Hermosillo wako magharibi zaidi, mechi yao ya usiku wewe unaiangalia na chai ya asubuhi. Siku ya Jumapili baadhi ya mechi za LIDOM zinaanza mapema, hizo ndizo zilizookoa ndoa za watu. Unaweza kusema si uangalie marudio mchana. Ndiyo, marudio yapo, lakini yanapandishwa wakijisikia, mara saa sita baadaye, mara kesho kutwa, na ukurasa wa marudio wenyewe unakuandikia matokeo ya mwisho kwa namba kubwa kabla hujabonyeza. Nani alibuni hicho kitu? Nilikuwa nafungua nimefunika nusu ya skrini kwa kiganja, mtu mzima mimi.

Halafu kuna ishu ya kati ya inningi. Kule uwanjani inningi ikiisha ndo starehe inaanza, merenge inapigwa, wachezaji ngoma wanapanda juu ya paa la benchi, mdoli mkubwa wa timu anafanya vituko, watu wanapuliza mavuvuzela yao. Huduma inakata yote hayo kwasababu ya matangazo ya biashara ya kule, inakuwekea picha moja iliyosimama, nembo yao, na kipande cha muziki cha sekunde chache kinachojirudia. Kinajirudia. Mara kumi na saba kwa mechi, mechi nne kwa wiki. Kile kimuziki nikikisikia leo popote nadhani nitarusha kiatu. Kuna usiku mmoja fundi wao alisahau kukata, tukaona kila kitu pamoja na matangazo, na ndo mechi iliyonoga kuliko zote za Novemba, halafu kesho yake wakarudi kwenye picha yao.

Utangazaji ni Kihispania tupu na hapo sina malalamiko, ningelia kama wangeweka mtu wa Kiingereza anayesoma majina kama anatafuna kokoto. Mimi Kihispania sijui ila baada ya wiki tatu nilikuwa nimeokota ya kutosha, ponche ni mpigaji katolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha), jonrón hiyo hata mtoto anajua, namba unazijua kwa kusikia idadi ya auti (wapigaji waliotolewa), na sauti ya mtangazaji inakueleza yaliyobaki, akianza kuvuta maneno ujue mpira uko juu na mtu anarudi nyuma kuufuata.

Na hapa ndipo nilipogundua redio. Kuna usiku picha ilikataa kabisa, nikaenda kutafuta kituo cha redio cha kule kinachorusha mtandaoni, bure, bando linaliwa kidogo sana, haigandi hata mara moja. Nikazima taa nikalala na spika ya masikioni. Aisee. Redio ya besiboli ni kitu kingine, nyuma ya mtangazaji unasikia uwanja mzima unapumua, bati, lile gongo la mpigaji, likigonga mpira unalisikia kabla hajasema neno, halafu kelele inapanda, na wewe gizani unasubiri kujua ni nzuri au mbaya. Kuanzia siku hiyo, Novemba iliyobaki na nusu ya Desemba niliangalia video labda mara nne, zilizobaki ni redio. Dola hamsini zangu zikiwa zimekaa pale zinanicheka.

Ila kwenye video kuna kitu kimoja lazima niwape haki yao, nacho ni kwamba niliweza kumwonyesha mtu. Mdogo wangu alikuja kukaa kwangu Desemba, yeye ni mtu wa mpira wa miguu, usiku mmoja kashindwa kulala akanikuta sebuleni.

"Bro, hawa mbona hawachezi?"

"Wanacheza."

"Wamesimama."

Nikamwambia kaa hapa. Ilikuwa Estrellas, inningi ya nane, besi zote zimejaa watu, mpigaji ana straiki mbili na mipira mitatu mibaya. Nikamweleza kwamba sasa hivi pitcha hana pa kukimbilia, akirusha nje huyu anapewa besi bure na yule wa besi ya tatu anaingia nyumbani, ni pointi, akirusha katikati anaweza kupigwa mpira ukaenda kulala nje ya uwanja. Yule pitcha akarusha, mpigaji akaugusa ukaenda pembeni. Akarusha tena, pembeni tena. Mara sita! Mpigaji kila mara anaukata nyuma, anarudi, anapangusa mikono kwenye suruali, anachora mstari kwa kiatu. Mdogo wangu ameshika mto kifuani hasemi. Mpira wa saba ukawa wa chini sana, nje, besi ya bure, pointi imeingia, na dogo anaruka kwenye kochi kana kwamba kafunga yeye. Halafu akaniuliza kwanini kuna tembo kwenye nembo, nikamwambia ndo alama ya timu, tembo wa San Pedro, mji wa mashamba ya miwa ambao umezaa wachezaji wa MLB mpaka inatia shaka, Sammy Sosa katokea huko, Robinson Canó katokea huko. Na hiyo timu ilikaa miaka 51 bila ubingwa, toka 1968 hadi Januari 2019, na aliyewavusha kama kocha ni Fernando Tatis mkubwa, baba yake yule Tatis wa Padres. Basi kwisha habari, dogo kawa mtu wa tembo. Asubuhi anauliza tembo wanacheza lini.

Venezuela nitaipitia haraka. Ligi nzuri sana, timu nane, Caracas na Magallanes wakikutana ni moto, na La Guaira wana ngoma zao jukwaani ambazo hazinyamazi inningi zote tisa, hao ndo waliokaa tangu 1986 bila taji mpaka Ozzie Guillén akawapa Januari 2024. Tatizo ni huduma yenyewe, picha za Venezuela zilikuwa zinakuja kama zimepigwa kupitia glasi ya maziwa na mechi mbili kati ya tano haziwaki kabisa. Niliacha kujaribu. Meksiko picha safi kuliko zote, kamera nzuri, ila muda wake nimeshausema.

Januari ndo ukaona hela ilipokwenda. Raundi robini inakuja na utaratibu mmoja mtamu, timu zilizotolewa wachezaji wao wanagawiwa kwa zilizobaki, kwahiyo yule uliyekuwa unamtukana wiki iliyopita akiwa na jezi ya wapinzani leo yuko kwako na jezi ya bluu na unampigia makofi bila aibu. Timu nne zimenenepa, waliobaki ni wazuri, na kila usiku jedwali linabadilika. Hapo video unaihitaji. Hapo redio haitoshi, unataka kuona uso wa kocha. Na Escogido kocha wao alikuwa Albert Pujols, nyota mstaafu wa MLB, yule yule wa homrani 703, mara yake ya kwanza kufundisha, kasimama pale kwenye benchi na mikono kifuani kama mwalimu wa zamu.

Fainali ikawa Licey na Escogido. Ikaenda hadi mechi ya saba.

Nimejiandaa wiki nzima. Nimenunua bando kubwa, nimechaji kila kitu, dogo kaja. Picha inashika vizuri inningi ya kwanza, ya tano, ya nane, mpaka tukaanza kuisifia, na hilo ndo kosa. Inningi ya tisa, anaingia Junior Lake na bati la Escogido. Pitcha wa Licey anainua mguu, mkono unakwenda juu, na skrini inaganda. Mkono uko juu, mpira uko kwenye vidole, kiduara kinazunguka katikati ya skrini. Dogo anasema usiguse. Mimi nimegusa. Nimefunga nimefungua, inaniambia niingize nenosiri upya! Naandika nenosiri vidole vinatetemeka, simu ya dogo ikalia ile taarifa ya matokeo, akaangalia, akaigeuza kifudifudi mezani taratibu kama mtu aliyepokea habari ya msiba, akaniambia "Kaka, usiniulize." Picha iliporudi wachezaji wa Escogido wamejaa nje, mtangazaji sauti imekwisha, Lake ameshamaliza kuzunguka. Homrani ya ubingwa. Homrani ya msimu mzima. Mimi nimeona mkono wa pitcha na kiduara.

Nikaandika malalamiko usiku uleule, kwa hasira, nadhani niliandika mambo ambayo sikuyapitia mara mbili. Siku ya pili akanijibu mtu, mpole sana, anaomba radhi kwa usumbufu, ananishauri nijaribu kuzima kifaa na kukiwasha tena. Nikamwambia ndugu yangu, mechi imeisha, nikiwasha upya Lake ataupiga tena? Akasema ananielewa na amelipeleka suala langu mbele.

Serie del Caribe ikaja, 31 Januari hadi 7 Februari, Mexicali. Hii lazima niseme ukweli iligonga vizuri, haikuganda hata mara moja, sijui walibadilisha nini. Kwa asiyeijua, ni mashindano ya zamani, yalianza Havana mwaka 1949, yakasimama baada ya 1960 pale Kuba ilipoachana na besiboli ya kulipwa, yakafufuka 1970. Mwaka 2025 walialika hadi timu kutoka Japani, inaitwa Japan Breeze. Karibu kila siku mechi mbili, na kwa mtu aliyekuwa amefunga mkanda tangu Novemba ni kama sikukuu. Mwaka wa nyuma yake, Miami, niliifuata kwa vipande vya video tu nikapitwa na pitcha Ángel Padrón wa La Guaira alivyowanyima Nikaragua hata hiti moja (pigo la kumfikisha mpigaji besini), kitu ambacho kwenye haya mashindano kilikuwa kimetokea mara moja tu, mwaka 1952, kwahiyo safari hii sikutaka kupitwa. Fainali ni Escogido na Charros de Jalisco, Wameksiko wako kwao, uwanja wote dhidi ya Pujols. Moja bila. Besiboli, moja bila! Kila mpira unarushwa unahisi tumboni. Escogido wakabeba, jua limeshatoka, nikaenda kazini bila kulala na nilikuwa na furaha ya kijinga siku nzima.

Kwahiyo nyota ngapi? Mechi nne na nusu kati ya tano, huduma mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya hiyo wiki ya Mexicali. Wakikuuzia mwezi mmoja mmoja, nunua wa Januari na ule wa mwanzo wa Februari. Wakisema lazima msimu mzima, mimi ningejiuliza. Ratiba usiiamini, tafuta saa ya Santo Domingo mwenyewe. Zima taarifa za matokeo kwenye simu, zako na za aliyekaa karibu na wewe.

Na lile suala langu lililopelekwa mbele lilijibiwa. Wamenipa fidia, mwezi mmoja wa bure, kuanzia tarehe 8 Februari, siku moja baada ya fainali ya mwisho ya msimu. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Halafu nikaingia jioni kuangalia kuna nini humo ndani, marudio ya mechi ya saba yapo, nikamwita dogo, tukasogeza moja kwa moja hadi inningi ya tisa, mkono ukaenda juu, mpira ukatoka.